Wifi ameniambia niache tembe za damu, nitumie unga wa spirulina

Mama Mshauri, hujambo?

Mimi ni mkazi wa Nyalenda hapa Kisumu. Nina mimba ya miezi mitano, nayo ni ya pili. Nilipoanza kliniki walinipima damu wakapata 9.4, wakaniambia iko chini, wakanipa tembe za kuongeza damu nimeze moja kila siku. Nilikuwa nikimeza asubuhi na chai ya maziwa kabla ya kula chochote. Mama, tembe hizo zilinitesa. Nilichefukwa hadi adhuhuri, choo kikawa kigumu, tena cheusi tititi, nikaogopa.

Dada mkubwa wa mume wangu anauza unga wa kijani unaoitwa spirulina. Aliingia biashara hiyo kupitia chama chao, na ameweka pesa nyingi humo. Aliponiona nikihangaika aliniletea kopo la gramu 100, akasema choo cheusi maana yake tembe zinaunguza matumbo, niziache kabisa. Eti kijiko kimoja cha chai kwenye uji kila siku kinatosha, kwa sababu unga huo una protini kushinda nyama, una madini ya chuma mara nyingi kuliko spinachi, na una vitamini B12 ile ambayo watu hupata kwenye maini. Kopo moja ni shilingi 1,800. Mume wangu ni mtu wa boda boda, na hilo la kwanza alililipia kwa shida. Tembe niliziacha mwezi uliopita. Kichefuchefu kimeisha, lakini nikipanda ngazi moyo unadunda na ninasikia kizunguzungu. Wifi anasema ni kawaida, mwili unajisafisha.

Sasa limezuka jingine. Shemeji mdogo alisoma kwenye simu kwamba spirulina ni mwani wa ziwani. Anauliza kwa nini tununue ilhali maji yetu wenyewe ya Ziwa Victoria pale Dunga huwa ya kijani. Anataka tuuchote kwa kitambaa, tuuanike juu ya mabati, tutumie nyumbani na unaobaki tuuze sokoni Kibuye. Mtoto wangu wa miaka mitatu naye wifi humtilia unga wake kwenye uji.

Wifi huyu ndiye aliyemlipia mume wangu karo baada ya baba yao kufariki. Siwezi kumvunjia heshima. Niambie ukweli: unga huu una faida au hauna? Niendelee nao badala ya tembe? Na wazo la shemeji je?

Mjamzito wa Nyalenda

*

Mwanangu,

Rudi kwenye tembe leo, usingoje siku ya kliniki. Kama ziliisha au ulizitupa, nenda kesho asubuhi upewe nyingine. Katika vituo vya serikali mjamzito hupewa bila malipo. Mwambie muuguzi waziwazi kwamba uliziacha, na sababu yake, naye akupime damu upya. Mjamzito akiwa chini ya 11 huhesabiwa ana upungufu wa damu, na wewe ulikuwa 9.4 hata kabla ya kuacha. Huko kudunda kwa moyo na kizunguzungu si kujisafisha kwa mwili. Damu yako haitoshi kubeba hewa, moyo unalazimika kukimbia ili kufidia. Na kuna siku ya kujifungua mbele yako. Mama anayeingia chumba cha kuzalia akiwa na damu kidogo hana akiba, na kiasi cha damu ambacho mwenzake angekipoteza akaamka akanywa uji chaweza kumwangusha yeye. Ukianza kuhema hata ukiwa umeketi, ukizirai, au ukiona damu inatoka, mumeo akutafutie gari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Nimeandika hayo kwanza kwa kuwa ndiyo ya haraka. Sasa tuufanyie unga wa wifi hesabu, maana hesabu ndiyo inayokosekana katika matangazo ya bidhaa hizi.

Tembe moja ya kliniki ina miligramu 60 za chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Gramu 100 za spirulina kavu zina takriban miligramu 28 za chuma. Kijiko chako cha chai hubeba kama gramu 3, kwa hiyo kila siku umekuwa ukipata chini ya miligramu moja. Ili ufikie chuma kilichomo katika tembe moja tu, itakubidi ule zaidi ya gramu 200 kwa siku, yaani makopo mawili na ushee. Hizo ni zaidi ya shilingi 3,600 kila kukicha, kwa kitu unachopewa bure kliniki. Najua unga hutofautiana kulingana na ulikokuzwa, na upo wenye chuma zaidi ya huo. Hata uwe na mara tatu yake, kijiko hakikaribii tembe.

Habari ya spinachi ina ujanja ndani yake, na sidhani wifi ndiye aliyeubuni. Waliomfundisha kuuza walilinganisha unga mkavu na majani mabichi, ambayo zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Ukikausha mboga zetu za osuga au dek ukasaga, nazo zitapanda vilevile kwenye karatasi. Kuhusu protini wifi yuko karibu na ukweli: zaidi ya nusu ya uzito wa spirulina ni protini, na ni protini nzuri. Lakini gramu 3 hukupa chini ya gramu 2 za protini, wakati yai moja lina kama gramu 6. Omena waliokauka vizuri nao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, tena hakuna anayekula omena kwa kijiko cha chai. Gorogoro moja ya omena kutoka Kibuye italisha nyumba yako nzima, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, mnapata na kalisi ya bure.

Kwenye B12 sina msamaha kwa wanaoandika vibandiko vya makopo. Sehemu kubwa ya kile kinachopimwa kama B12 ndani ya spirulina ni umbo linalofanana nayo ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitumia. Mtu asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa, akitegemea unga huu kwa B12, anaweza kuishia na upungufu mbaya akiamini amejikinga. Wewe uliye kando ya ziwa unaipata halisi katika ngege, mbuta, omena, mayai na maziwa.

Je, basi spirulina ni utapeli? Hapana, nami sitaki umwambie wifi hivyo, kwa sababu si kweli. Ni chakula cha zamani. Huko Chad, wanawake wa Kikanembu huukusanya kutoka kwenye vidimbwi vya magadi karibu na Ziwa Chad, huukausha kwenye mchanga ukawa vipande wanavyoviita dihé, kisha huutia kwenye mchuzi wa kulia ugali wa mtama. Waazteki wa Meksiko waliula kutoka Ziwa Texcoco kabla Wahispania hawajafika. Na hapa kwetu, flamingo wadogo wa Nakuru na Bogoria wameishi kwa huohuo karne na karne. Ile rangi yao ya waridi hutoka ndani ya huo mwani. Tangu maji ya Ziwa Nakuru yalipoanza kupanda katika miaka ya 2010, magadi yakazimuliwa, spirulina ikapungua, na flamingo wengi wakahamia kwingine kuufuata mlo wao. Utafiti kwa watu wazima umeonyesha kwamba gramu kadhaa kwa siku zinaweza kushusha kidogo mafuta ya damu na presha. Una pia karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtu mzima mwenye afya, mwenye pesa ya ziada, akinunua unga uliokuzwa mahali safi na kupimwa, sioni ubaya akiutia kwenye uji wake. Mjamzito ni habari nyingine. Utafiti juu ya wajawazito ni mchache mno kwangu kukwambia endelea, na hatari yenyewe haimo sana ndani ya spirulina, imo katika vitu vinavyoweza kuingia pamoja nayo: risasi na metali nyingine nzito, na sumu za mwani mwingine uliochanganyika nayo. Kwa hiyo weka kopo kando hadi muuguzi au daktari aseme vinginevyo.

Hizo sumu ndizo zinazonifikisha kwa shemeji wako, na hapa nakuomba umsomee barua hii kwa sauti, neno kwa neno.

Kijani cha pale Dunga si spirulina. Spirulina hupenda maji makali ya magadi kama ya Nakuru na Bogoria, na Ziwa Victoria ni maji baridi. Kinachofunika Ghuba ya Winam maji yakitulia na jua likiwaka ni viumbe wengine, hasa Microcystis, wanaonenepeshwa na mbolea ya mashambani na maji taka ya miji yetu yanayoishia ghubani. Microcystis hutengeneza sumu iitwayo microcystin, nayo hushambulia ini. Kuichemsha hakuiondoi. Kuianika juani juu ya mabati hakuiondoi. Kuikausha ndiko kubaya zaidi, maana maji yanaondoka na sumu inabaki imekusanyika katika kijiko kimoja. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 1 tu ya sumu hiyo kwa kila lita ya maji ya kunywa, na watafiti waliopima ghuba yetu nyakati za kijani wamekuta maji yaliyopita kikomo hicho. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, Brazili, maji yenye sumu hii yalitumiwa kuwasafisha damu wagonjwa wa figo, na makumi yao wakafa kwa kuharibika ini.

Hata huko Marekani ambako watu huvuna mwani wa ziwani na kuuza rasmi, katika Ziwa Upper Klamath la Oregon, Microcystis huingia kwenye mavuno, na mwaka 1997 jimbo hilo lililazimika kuweka kikomo cha sumu hiyo kwa kila gramu ya bidhaa. Wale wana maabara. Shemeji ana kitambaa. Tena asifikirie kwamba suluhisho ni kupanda matatu hadi Nakuru akachote huko: waliochunguza vifo vya flamingo kwenye maziwa ya Bogoria na Nakuru walikuta sumu za namna hii ndani ya ndege wenyewe. Spirulina ya kuliwa hukuzwa kwenye matangi, kwa maji safi yaliyotiwa magadi, mbegu inayojulikana, na vipimo kila mara. Kama kijana ana hamu ya biashara, na naiheshimu hamu hiyo, aulize idara ya kilimo na uvuvi ya kaunti kuhusu kujifunza ukuzaji wa matangini. Lakini ya Dunga asiuze Kibuye wala asionje yeye mwenyewe. Akiuza atakuwa amewatilia sumu akina mama wa soko lake mwenyewe na watoto wao.

Turudi kwa tembe zako, kwa sababu nadhani hazikupewa nafasi ya haki. Ulizimeza tumbo tupu, ndiyo maana ukachefukwa, na ukazimeza na chai, ambayo hukizuia chuma kisiingie mwilini. Kwa hiyo uliteseka kwa faida ndogo. Jaribu usiku baada ya chakula cha jioni, ukielekea kulala, kwa maji au juisi ya chungwa ama ndimu. Vitamini C husaidia chuma kupita. Chai na kahawa zikae mbali na tembe na mlo kwa angalau saa moja. Wakikupa tembe za kalisi, zimeze wakati tofauti. Choo cheusi ni chuma kilichobaki bila kutumika, nacho kinatarajiwa. Ungekuwa na maumivu makali ya tumbo na choo chenye kunata, hapo ningetaka daktari akuone. Kwa ugumu wa choo kunywa maji ya kutosha, kula papai lililoiva na mboga ya apoth (mrenda) kwa wingi. Kama bado zitakusumbua, usiache kimya kimya. Muuguzi anaweza kukubadilishia aina au mpangilio, na kwa kiwango chako cha damu huenda hata akakuongezea dozi kwa muda.

Nina swali ambalo hukuligusa. Unakula odowa, ule udongo wa kutafuna? Usione haya kunijibu, wajawazito wengi wanaopita mbele ya wauza odowa sokoni hutamani. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na kupungua kwa chuma, na udongo huo nao huenda ukashika chuma cha chakula tumboni na kukuletea minyoo. Mwambie muuguzi kama unao mtindo huo.

Mwulize pia chanzo cha upungufu wako, kwa sababu huku kwetu tembe peke yake wakati mwingine zinajaza mtungi unaovuja. Malaria hula damu, na Kisumu ni eneo la malaria. Unatakiwa uwe unapewa SP, dawa ya kukinga malaria, kliniki tangu wiki ya 13, kila dozi ikipishana na nyingine kwa angalau mwezi mmoja, na chandarua chenye dawa ulale ndani yake kila usiku. Minyoo hunyonya damu, na dawa yake hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kama kwenu au kwa mumeo kuna selimundu, sema. Na usiende dukani kununua asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa kudhani nyingi ni bora. Wingi huo hudhoofisha SP. Ile iliyo ndani ya tembe ya kliniki inatosha.

Mtoto wako asipewe unga huo. Mwili wake ni mdogo, na kama kuna kitu kibaya ndani ya kopo, kitamfikia kwa kipimo kikubwa kuliko wewe. Mhudumu wa afya wa jamii katika mtaa wenu ana utepe wa kupimia mkono; ukisoma chini ya sentimita 12.5 mtoto anahitaji msaada wa lishe, na msaada huo upo kituoni. Ukisoma zaidi ya hapo, omena waliosagwa kwenye uji, maharagwe, yai, na mboga zitamkuza.

Sasa wifi. Mwanamke aliyemlipia mdogo wake karo hakukuletea kopo ili akudhuru. Alikuona unateseka akafanya alichokijua, tena pesa za chama ziko humo na zinamkosesha usingizi. Usimpinge mbele ya watu, na usimpelekee barua hii kama hati ya mashtaka. Mwombe akusindikize kliniki. Mwambie hivi: "Dada, damu yangu ilikuwa chini na ninasikia kizunguzungu, naogopa kwenda peke yangu. Twende wote, tubebe na kopo lako muuguzi alisome." Hapo hujamwita mwongo, na atakayesema neno gumu ni mtu mwenye joho jeupe, si mke wa mdogo wake. Akisikia kipimo chako kwa masikio yake, nadhani ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Mazungumzo ya pesa, kwamba hamtanunua kopo la pili, yaache kwa mumeo. Ni ndugu yake, na yeye ndiye mwenye deni la fadhila.

Siku hiyo muangalie kopo pamoja. Lina alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya? Limeandikwa ulikokuzwa, nani aliukuza, tarehe ya kuisha? Linasema popote kwamba ulipimwa microcystin na metali nzito? Limeahidi kutibu kisukari, presha, saratani na upungufu wa damu vyote kwa pamoja? Kopo lenye ahadi hizo wifi asiliuze hata kwa watu wazima, hasa wenye lupasi au ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili, kwani spirulina huamsha kinga. Wanaotumia warfarin wasiguse klorela, mwani mwingine unaouzwa hivi, kabla ya kumwuliza daktari wao, maana ina vitamini K nyingi. Na kama ana vidonge vya mwani wa baharini ule wa kelp, wewe usivimeze kabisa: gramu moja yaweza kuzidi mara nyingi iodini unayohitaji kwa siku, na ikasumbua tezi ya mtoto aliye tumboni. Chumvi ya jikoni mwako tayari ina iodini.

Pesa za chama zilizokwama ni za wifi na wenzake kuzungumza na aliyewauzia, nami naweza kumwandikia kuhusu hilo akiniandikia. Wewe leo usiku, baada ya ugali na samaki wako, meza tembe na maji ya ndimu, kisha kesho mapema uwe kwenye foleni ya kliniki.

Mama Mshauri